Mwalimu Eirlys Aenda Shule ya Mbio

Kwa miaka ishirini na saba Eirlys Bebb alifundisha watu kuendesha gari polepole. Karibu bonde zima la Cwm Brwyn lilipita mikononi mwake: muuza nyama, mchungaji wa kanisa, wauguzi wawili, hata yule polisi anayewaandikia wenzake makosa ya kukimbiza magari. Wote aliwaimbisha wimbo mmoja kila waliposimama: handbreki, gia huru, zima, kioo, mlango. Aliyesahau handbreki hakukemewa. Eirlys alimtazama tu, kimya, mpaka mwenyewe akaanza kujishuku. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, na hakuwa amewahi kuandikiwa kosa barabarani hata siku moja. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amekaa mezani kwake Jumapili moja ya mwezi wa nne, barua ya shule ya mbio za magari mkononi, na chai imepoa.

Barua ilikuwa na kurasa nne za mambo ya kutayarisha, nusu ya gari na nusu ya dereva. Ukurasa wa kwanza uliagiza kwamba ndani ya gari kisiwemo kitu chochote kilicholegea. Aliusoma mstari huo mara tatu, akijiuliza kama na akili ya dereva inahesabiwa.

Kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe. Kaka yake Tudur, anayekaa nyumba ya pili, alikuwa ameshindana na kigari chake cha rangi ya maziwa kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo alishinda mara mbili, ila hakuna aliyethubutu kumkumbusha hesabu hiyo. Wakati wa baridi mikono ilianza kumtetemeka, kwanza wa kushoto, halafu yote miwili, na daktari akamzuia kuendesha. Tangu hapo Tudur alikuwa anashinda gerejini akilitazama gari, redio imezimwa, spana zimepangwa kwa ukubwa wake na hakuna hata moja iliyoshika grisi. Mtu mmoja wa upande wa Uingereza akalitaka gari, Tudur akakubali kuliuza. Habari hiyo aliitoa wakila, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Eirlys alimtazama usoni akaingiwa na hofu. Aliona wazi kwamba gari likiondoka, kaka yake naye ataanza kuondoka, kidogo kidogo, pale pale kwenye kiti. Akajisikia anasema, "Basi nitaliendesha mimi."

Tudur alicheka mpaka supu ya mboga za liki ikamwagikia shati. Hakuwa amecheka tangu Krismasi.

"Wewe? Wewe unayewasha indiketa ukiingia uani kwako?"

"Mimi."

"Hata paka wako anajua unageuka, dada. Bado unamwashia."

Eirlys alidhani mambo yameishia kwenye kicheko. Kesho yake asubuhi Tudur alikuwa mlangoni na fomu, ameshaijaza kwa mwandiko wake wa siku hizi unaopanda na kushuka.

"Shule ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne," alisema. "Mnunuzi nimemwambia aje Jumatatu yake. Ukirudi na karatasi yenye saini ya mkufunzi, gari linabaki, wewe unaendesha na mimi natengeneza. Ukirudi bila karatasi, linapakiwa. Na mimi sitaki tulizungumze tena."

Basi hapo ndipo kichwa cha Eirlys kilipoanza kumzunguka, na kilizunguka wiki tatu mfululizo.

Ilitosha habari kufika kwenye klabu ya Tudur, na kila mwanachama akawa na ushauri. Walikuja gerejini mmoja mmoja, mikono mifukoni, wakala vikeki vyake vya zabibu kavu na kumwachia neno. Mmoja alisema matairi yapunguzwe upepo, mwingine yaongezwe. Mmoja alisema siku hiyo asile chochote, mwingine ale ndizi tatu. Ashike usukani kama ameshika ndege mdogo. Asiuachie hata akipiga chafya. Eirlys aliandika yote kwenye daftari, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake, na kufikia wiki ya pili ukurasa wa kulia ulikuwa unaubishia ukurasa wa kushoto. Hakujua ashike lipi aache lipi.

Kwenye ovaroli ya kuzuia moto nako aliharibu. Ile ya Tudur ilimfika vidoleni, akaketi jioni akaikunja miguu na mikono, akaishona vizuri kama pazia. Tudur aliiinua, akalitazama pindo, akaanza kuifumua yote kwa meno, kwa kuwa mkasi ulikuwa unamponyoka.

"Uzi gani huu?"

"Uzi wa kushonea."

"Unayeyuka kwenye moto, dada. Unataka uokolewe na pindo likiwa limekugandia?" Akatema kipande cha uzi. "Nitakuazimia ya mtu mfupi."

Kila siku baada ya kazi alimkalisha kwenye gari, mikanda yote imefungwa, akamfumbisha macho, akageuza kile kisaa cha kuchemshia mayai. Kazi ilikuwa kuzima umeme wa gari kwa swichi nyekundu, kufungua mikanda, kutoka. Mara ya kwanza Eirlys alitumia muda wa kuchemsha yai likaiva. Mara ya ishirini aliweza kutoka hesabu ya kumi haijafika, ila alitoka bila kiatu.

Lakini lililowashinda wote wawili lilikuwa handbreki.

"Nisikilize," Tudur alimwambia. "Ukitoka kwenye mbio breki zinawaka. Ukivuta handbreki hapo, za nyuma zinagandamana, na gari halitoki tena. Unaliacha kwenye gia, basi. Handbreki usiiguse."

"Nimeelewa."

Aliendesha mpaka mwisho wa uwanja wa gereji, akarudi, akasimama. Handbreki, gia huru, zima, kioo, mlango. Tudur akamwonyesha kwa kidole. Wakarudia. Akaivuta. Tudur akafunga uzi mwekundu wa sufi kwenye mkono wa handbreki ili ashtuke akiugusa, na Eirlys akauvuta na uzi wake. Siku ile alisimama mara kumi na moja, akaivuta mara kumi na moja, na mara ya mwisho alikuwa ameapa kwa jina la mama yao kwamba haigusi. Mkono ulikuwa umeshafika kabla ya kiapo kuisha. Alikaa pale akiutazama kama mkono wa mtu mwingine, na aliona aibu kweli kweli.

Tudur hakumkemea tena tangu siku hiyo. Alhamisi alijifungia gerejini saa mbili nzima, akatoka na grisi mpaka kwenye viwiko, ametulia. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba kwa kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja. Eirlys alikiona, akajua ni kabari ya gurudumu, akashangaa kwa nini anatembea nayo hadi dukani. Lakini tangu augue Tudur alikuwa na vituko vyake, na yeye mwenyewe alikuwa na mengi kichwani. Hakuuliza.

Kazini napo mambo yalikwenda mrama. Mwanafunzi wake wa Ijumaa alikuwa mzee Idwal, mjane wa miaka sitini na tatu aliyeshindwa mtihani mara nne. Walikuwa wanakaribia kona ya kanisa, mzee akaanza kupunguza mwendo kama alivyofundishwa, na Eirlys akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Bado. Bado. Usiguse breki bado."

Mzee Idwal alisimamisha gari kando, akavuta handbreki, akageuka.

"Mwalimu, miezi yote unaniambia nipunguze mapema. Leo unaniambia nikawie."

"Nimesema hivyo?"

"Umesema. Na goti umenikamata."

"Samahani, mzee wangu. Sahau nilivyosema."

"Nisahau lipi? La leo au la miezi yote?"

Mzee Idwal akamhurumia, akatoa peremende mfukoni, akampa moja. "Tukishindwa wote wawili, mwalimu," alisema, "tutachangia teksi."

Jumamosi ilipambazuka na mvua nyembamba iliyokatika walipofika. Uwanja wa mbio ulikuwa juu ya kilima, na mahali pa kuegesha magari palikuwa na mteremko unaoishia kwenye hema la chai. Kila mgeni wa mbio lazima abandike nyuma ya gari lake karatasi ya mraba ya njano yenye msalaba mweusi, ili wazoefu wamkae mbali. Tudur alisisitiza kuibandika yeye. Mikono ilimcheza, karatasi ikashika upande, na Eirlys, ambaye kwa miaka ishirini na saba alibandika vibao vya wanafunzi kwa rula, akasema imekaa sawa.

Mkaguzi alikuwa Bi Heulwen, mwanamke mkavu mwenye tochi na ubao wa karatasi. Alitikisa betri, akavuta mikanda, akajaribu swichi nyekundu, akaangalia muhuri wa helmeti. Handbreki hakuiulizia, kwani kwa magari ya mbio sheria haiidai.

"Gari likisimama, gurudumu liwekewe kabari," alisema akiandika. "Hapa ni mteremko."

"Ipo," Tudur alijibu, akipapasa mfuko.

Eirlys alilisikia neno hilo. Lakini lilikuwa agizo la kumi na nne asubuhi ile, nalo likaingia na kukaa chini ya yale kumi na matatu.

Darasani alipata maswali yote ya bendera za mbio, akajipa moyo. Moyo huo ulidumu mpaka kona ya kwanza. Mkufunzi aliyeketi kando yake alikuwa Bwana Ceredig, jitu lenye sauti laini, aliyekuwa amekunja magoti karibu na masikio.

"Hicho unachowasha ni nini?" aliuliza.

"Indiketa. Nageuka."

"Mama, njia ni hii moja tu. Wote tunageuka."

Eirlys akaizima. Kona iliyofuata akaiwasha. Bwana Ceredig alimwambia akawie kushika breki, na mguu ukashika mapema; alimwambia atumie barabara yote, na mikono ikang'ang'ania upande wa kushoto, kana kwamba baiskeli ya mchungaji ingetokea mbele. Kila alichokijua kilikuwa kosa hapa, na kila kilichokuwa kosa kwao kilikuwa ndicho hasa kinachotakiwa. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa aandike kwa mguu. Mizunguko minane ilipokwisha, na ule wa kupoza breki, alishuka mpaka mahali pake, akageuza gari likatazama juu, bila kujua kama amefaulu kitu chochote, kijasho kikimtiririka ndani ya helmeti.

Alisimama. Handbreki, gia huru, zima, kioo, mlango.

Mkono wa handbreki ulipanda kwa wepesi ambao siku nyingine ungemshtua. Siku hiyo hakushtuka. Alikuwa ameshapiga hatua ishirini kuelekea hema la chai, Bwana Ceredig nyuma yake, aliposikia mtu anaita, "Gari hilo."

Alikuwa anajua ni lipi kabla hajageuka. Kigari cha rangi ya maziwa kilikuwa kinateremka kinyumenyume, polepole, kwa adabu, msalaba mweusi uliopinda ukitangulia, kuelekea kwenye meza ya vikombe. Akamwona Tudur akitoka chooni, suruali imefungwa kifungo kimoja, akikimbia kama hakuwahi kumwona akikimbia tangu utotoni. Alipiga magoti kwenye tope, akasukuma kabari kwa mikono miwili chini ya tairi la nyuma. Tairi lilipanda nusu ya kabari, likasita, likarudi chini. Kati ya gari na meza ilibaki nafasi ya mkono mmoja.

Bi Heulwen alifika bila haraka. Aliingiza kichwa ndani, akapandisha mkono wa handbreki kwa kidole kimoja, akaushusha.

"Waya wa hii handbreki nani kaufungua?"

"Mimi," Tudur alisema, bado amepiga magoti.

"Dereva alijua?"

Eirlys alimtazama kaka yake. Alitamani kusema ndiyo, ili aibu yote iwe yake. "Handbreki sikujua," alisema. "Lakini habari ya kabari uliniambia mwenyewe asubuhi. Nikasikia, nikasahau. Na gia nimeitoa mimi."

Bi Heulwen aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Gari hili likisogea tena leo bila ruhusa, hata upana wa kidole, mnalipakia kwenye trela mnaondoka. Karatasi yenu nitaichana mimi mwenyewe. Na nitakuwa nimesimama hapa hapa."

Nyuma ya trela Eirlys alishindwa kujizuia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesahau kitu kingine. Kichwa chako kimejaa, dada. Nimekiona kinavyojaa wiki tatu."

"Kwa hiyo umenifanya mjinga."

"Mkono wako umevuta handbreki miaka ishirini na saba. Wiki tatu hazitoshi kuugeuza." Tudur alikuwa anafuta tope kwenye kabari kwa kona ya koti, na kabari yenyewe ilikuwa inatikisika. "Nikasema, mwache aivute, isishike kitu. Atakapofika, mimi nitakuwa nyuma na huu mti. Handbreki nitakuwa mimi. Siku nzima nimekuwa nyuma yako. Nimekwenda haja ndogo mara moja tu, na zipu hizi, unajua mwenyewe, siku hizi zinanichukua robo saa."

Hasira ilimwisha Eirlys pale pale, ikabaki aibu ya kutoelewa. Alikuwa amemwona na kabari ile siku tatu, akadhani ni ugonjwa.

"Mchana," alisema, "sitoi mguu kwenye breki mpaka nikusikie."

"Nitagonga bodi ya gari mara mbili."

"Hata ukichelewa."

"Nitachelewa," Tudur alisema.

Mizunguko ya mchana ndiyo iliyokuwa ya kupimwa. Bwana Ceredig hakusema neno. Eirlys alichanganyikiwa kuliko asubuhi, maana alikijua kimya hicho; yeye mwenyewe alikitumia kwa wanafunzi wazuri sana na kwa wale aliokwisha kuwakatia tamaa. Kona ya tatu alikawia breki, ya nne akaiwahi. Indiketa aliiwasha mara mbili. Nyuma ya kilima kidogo aliona bendera ya njano ikipepea, akapunguza, akapita taratibu kando ya gari lililogeuka likatazama lilikotoka, na vioo vyote vitatu alikuwa ameshaviangalia. Kama hilo lilikuwa zuri au baya, hakujua. Aliacha kujaribu kujua.

Aliteremka mpaka mahali pake. Bi Heulwen alikuwa amesimama palepale, mikono kifuani. Eirlys akasimamisha gari. Handbreki, ikapanda bila uzito, uzi wake mwekundu umening'inia. Gia huru. Zima. Kioo. Mkono ulikuwa umeshafika mlangoni, na mguu wa kulia ukaanza kunyanyuka wenyewe, kama ulivyonyanyuka kila siku ya maisha yake ya kazi. Akaukandamiza.

Kwenye kioo hakumwona Tudur. Aliona hema la chai, na watu wanapita na vikombe.

Bwana Ceredig alikuwa ameweka fomu gotini, kalamu imefunguliwa. "Tumefika, mama," alisema. "Unangoja nini?"

"Handbreki."

"Umeshaivuta."

"Si hiyo."

Paja lilianza kumuuma. Akasikia magoti yakikita chini, taratibu, nyuma kulia. Halafu mti ukigusana na tairi, ukagusana tena, ukagusana mara nyingi za haraka, kama mtu anayepiga hodi na hataki kusikika. Ilichukua muda mrefu. Bi Heulwen alikuwa anatazama huko chini. Kisha bodi ikagongwa, mara mbili, kwa nguvu.

Eirlys alinyanyua mguu. Gari halikusogea hata upana wa kidole.

Bwana Ceredig alisaini, akaichana nakala, akampa. "Indiketa uiache nyumbani," alisema. "Macho usiyaache."

Eirlys hakutoka kwanza. Aliipitisha karatasi dirishani, na mkono uliopakaa tope ukaipokea. Tudur alisoma jina la dada yake, akalisoma tena, akaikunja karatasi na kuitia kwenye ule mfuko wa kabari.

"Utampigia simu mtu wako?" Eirlys aliuliza.

"Nitampigia leo," Tudur alisema, ameshika mlango ili ainuke. "Nitamwambia asije Jumatatu. Jumatatu niko kazini."